Straika wa Nne ni wa Nini? Ndugu Wawili wa Pasua na Hesabu ya Dakika 2,700

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, mashabiki wa Bongo wanalilia kitu kimoja tu: straika. Timu imefungwa, straika. Timu imetoa sare, straika. Timu imebeba ubingwa na mabao kibao, bado straika, tena "mwenye jina bana, sio wa kuja kujifunzia kwetu". Beki wa kushoto hana wa kumlilia. Kipa akiokoa penalti anapewa emoji mbili za moto, maisha yanaendelea.

Moshi nako ni hivyohivyo, pamoja na baridi lake. Na pale Pasua kuna ndugu wawili, majina yao yabaki hukohuko Pasua, ambao swali hili liliwafuata mpaka mezani kwa mama yao. Mkubwa ni fundi simu mjini, ana thelathini na kitu, Yanga lialia. Mdogo ana miaka 21, asubuhi anaendesha bodaboda ya mtu, jioni yuko uwanjani. Na anacheza namba tisa. Sasa hapo ndipo stori inapokuwa tamu na chungu kwa pamoja.

Rudi nyuma mpaka Juni 2023. Kuanzia mwezi ule Moshi ilipata misiba miwili ya mpira.

Wa kwanza ulikuwa wa nyumbani. Polisi Tanzania, timu iliyoanza Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ilishuka daraja baada ya misimu minne. Kwa misimu hiyo kijana wa Moshi alikuwa na uhakika wa kitu kimoja: timu za Ligi Kuu zinapanda zinakuja Uwanja wa Ushirika, na mtoto wa Majengo au Njoro anaweza kumuona kwa macho yake mtu anayemuona kwenye simu. Tarehe 6 Juni 2023 Simba iliipiga Polisi 6-1, Saido Ntibazonkiza peke yake akatupia matano. Msimu ulipoisha, Polisi na Ruvu Shooting wakashuka pamoja, na mji ukabaki unaangalia Ligi Kuu kwenye vibanda umiza.

Msiba wa pili ulikuwa wa Wananchi wote. Fiston Mayele anaondoka.

Kwa mtu ambaye hakuwepo, ni vigumu kuelewa Mayele alikuwa nini. Alikuja Yanga mwaka 2021 kutoka AS Vita ya Kongo. Jangwani walikuwa hawajaonja ubingwa tangu msimu wa 2016/17, Simba ameshabeba minne mfululizo, Wananchi mitaani wanapita kwa kujibanza. Msimu wake wa kwanza akafunga 16, Yanga bingwa bila kupoteza mechi hata moja. Wa pili akafunga 17, akalingana na Saido kileleni. Kombe la Shirikisho Afrika akawa mfungaji bora kwa mabao 7, Yanga ikafika fainali na kulikosa kombe kwa faida ya bao la ugenini tu mbele ya USM Alger. Nchi nzima ilikuwa inatetema. Harusini watu wanatetema, kwenye sherehe ya kipaimara huko Kibosho watu wanatetema, na mapadri wanaangalia pembeni.

Sasa huyo mtu akaenda Pyramids ya Misri. Kaka mkubwa alikaa siku mbili hajibu simu za wateja. Alipofungua kibanda chake, status ya kwanza ilikuwa: "Leteni straika mwingine. Mwenye jina. Hata watano, hela zipo."

Na hoja yake haikuwa ya kijinga. Straika aliyekomaa anakununulia pointi kwenye mechi mbovu. Ubao unasoma 0-0, dakika ya 80, uwanja tope, wapinzani kumi wote wako nyuma ya mpira. Hapo kinda akipata nafasi anapiga juu ya mwamba. Mtu mzima anapewa nusu nafasi, anaweka. Mechi za hivyo zikiwa tano au sita kwa msimu, ndo ubingwa wenyewe huo.

Mdogo alikuwa anamsikiliza huku anakunywa mtori. Akauliza swali moja tu.

"Bro, Mayele alikuwa anapewa na nani?"

Kimya.

"Maana kila mtu anakumbuka alivyokuwa anatetema. Mtu wa pasi hakumbukwi."

"Dogo, kula."

Basi Yanga wakaleta mtu. Hafiz Konkoni, Mghana, kutoka Bechem United. Mashabiki wakampa deni la Mayele kabla hajazoea hata joto la Dar. Kila akigusa mpira watu wanahesabu: huyu angekuwa Mayele hapo lingekuwa bao. Kufika dirisha dogo la Januari 2024 alikuwa ameshaondoka, na nafasi yake ikaletewa Joseph Guede kutoka Ivory Coast.

Lakini tazama kilichotokea hapo katikati. Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga 5, Simba 1. Bao la kwanza lilikuwa la straika, Kennedy Musonda. Manne yaliyobaki? Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua penalti. Watu wa kati watupu. Msimu ukaisha Yanga bingwa, mfungaji bora Stephane Aziz Ki, mabao 21. Kiungo. Aliyemfuata, Feisal Salum wa Azam, mabao 19. Kiungo mwingine. Yaani mwaka ambao nusu ya nchi ilikuwa inalilia straika, wafungaji wawili wa juu hawakuwa mastraika.

Kwa haki, Guede alifunga kwenye derby ya Aprili 2024 ambayo Yanga ilishinda 2-1, na kaka mkubwa aliiweka status siku tatu mfululizo. Ni haki yake. Ila hata yeye alikubali kimoyomoyo kwamba pengo la Mayele halikuzibwa na jina. Lilizibwa na miguu mingi inayojua goli lilipo.

Kinyozi wao, ambaye ni Mnyama tangu tumboni mwa mama yake, alikuwa na ushahidi wake. Na ulikuwa ushahidi wa kujiumiza mwenyewe.

"Msimu wa 2020/21 sisi tulikuwa na watatu," alisema akiwa ameshika mashine. "John Bocco 16, Chris Mugalu 15, Meddie Kagere 13. Jumla 44. Na Kagere huyo alishakuwa mfungaji bora mara mbili, 23 na 22. Tukabeba ndoo. Mtu akiniambia mastraika wengi hawafai, nitamnyoa upara."

Kaka mkubwa akachekelea. Amepata mwenzake.

"Subiri sasa," kinyozi akaendelea. "Agosti 2021 Luis Miquissone akaenda Al Ahly. Chama akaenda Berkane. Mastraika wote watatu wakabaki. Majina yaleyale, miguu ileile. Msimu uliofuata hakuna hata mmoja aliyekaribia mabao yake. Kiatu akachukua George Mpole wa Geita Gold, 17, Mayele 16. Chama alirudi katikati ya msimu ila basi lilishaondoka stendi. Aisee, tulibaki na walaji watatu, wapishi wamehama."

Hiyo ya walaji na wapishi ilizunguka Majengo wiki nzima.

Na Simba haikuishia hapo. Januari 2024 iliwaachia Jean Baleke na Moses Phiri kwa mpigo, ikawaleta Freddy Koublan na Pa Omar Jobe. Wawili nje, wawili ndani, katikati ya safari. Msimu ukaisha nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Ukibadilisha dereva huku tairi limepasuka, gari bado linavuta upande uleule.

Moshi inaujua ukweli huu kwa mfano wake yenyewe. Oktoba 2019, Ditram Nchimbi akiwa Polisi Tanzania aliipiga Yanga hat-trick kwenye sare ya 3-3. Mwezi huohuo akafunga bao kule Sudan lililoisaidia Taifa Stars kufuzu CHAN. Moshi nzima ikasimama kidete: straika ndo huyu. Dirisha dogo lilipofunguliwa Yanga wakamchukua. Na kule mabao hayakumiminika kama watu walivyotarajia. Mtu ni yuleyule, miguu ni ileile. Kilichobadilika ni waliomzunguka, presha ya jukwaa, na idadi ya watu wanaogombea nafasi moja. Straika sio gunia la mahindi kwamba ukilipakia Moshi, uzito ni uleule likishushwa Dar.

Ikafika katikati ya 2024. Yanga, ambayo tayari ilikuwa na Musonda na kinda wake Clement Mzize aliyetokea timu ya vijana ya klabu, ikamchukua Prince Dube aliyetoka Azam. Halafu ikamuongeza Baleke. Wanne.

Kaka mkubwa alinunua soda kwa mtaa mzima. Mdogo akatoa simu, akafungua kikokotoo.

"Ligi ina timu 16. Mechi 30. Mara dakika 90, ni 2,700. Kocha akichezesha straika mmoja, hizo ndo dakika zote za mwaka. Wagawie wanne sawasawa. 675 kila mtu. Mechi saba na nusu, bro. Kwa mwaka mzima."

"Kuna mechi za Afrika. Kuna Kombe la Shirikisho la hapa ndani. Na siku nyingine wanacheza wawili mbele."

"Haya, zidisha mara mbili. Bado kuna mtu atakaa nje, na unamjua ni nani. Mwenye mshahara mkubwa hakai nje. Bosi aliyemleta yuko jukwaani anaangalia. Anayekaa ni yule aliyekuja bure."

Kaka mkubwa hakujibu. Alikuwa anajua pia kwamba pikipiki ikikaa wiki tatu bila kuwashwa, betri inakufa. Dogo alikuwa anampa mfano huo kila siku, akimaanisha miguu yake.

Halafu mwezi wa nane mwaka uleule, swali likapanda mlima kutoka Jangwani likatua Pasua.

Timu ya mtaa, ile ambayo mdogo anaichezea, ilikuwa inajiandaa na ligi ya mkoa. Kaka mkubwa yuko kwenye kamati, kwa sababu fundi simu anajulikana na kila mtu na hakuna anayemkatalia mchango. Mweka hazina ni mzee mmoja mstaafu wa mambo ya kahawa, wote wanamuita Meku. Kibubu kilikuwa na laki 9 na kidogo. Hela ya mipira, hela ya waamuzi, nauli za kwenda Same na Rombo.

Mjumbe mmoja akarusha wazo kwenye grupu la WhatsApp. Kuna straika, mtu mzima, aliwahi kucheza Ligi Kuu, sasa hivi hana timu. Umri miaka 34, kwa mujibu wa karatasi. Anataka laki 6, chumba na chakula. "Huyu akija tunapanda. Jina lake tu linatisha mabeki."

Grupu likachemka. Vidole gumba vikamiminika. Na katikati ya shangwe, kaka mkubwa, mzee wa hata watano, akaandika ujumbe mrefu. Kwamba vijana wapewe nafasi. Kwamba dakika ni chache. Kwamba kwanza tuangalie pasi zinatoka wapi, straika baadaye.

Yalikuwa maneno ya mdogo wake, neno kwa neno, pamoja na yale ya walaji na wapishi.

Haikupita dakika moja mtu akatupia screenshot ya status yake ya 2023. *Leteni straika mwingine. Hata watano, hela zipo.* Watu wakafa kwa kicheko. Halafu mwingine akaandika sentensi moja bila emoji: "Kumbe straika wa nje hafai akimkalisha benchi mdogo wako."

Kaka mkubwa akazima data.

Sentensi ile ilikuwa chungu kwa sababu ni ya kweli, na sio kwake peke yake. Shabiki anaposema leteni watano, kichwani kwake benchi ni kiti kitupu tu. Kumbe pale pamekaliwa na mtu. Kinda yeyote anayekalishwa nje ni mdogo wa mtu fulani, Iringa, Kigoma au Pemba, na nyumbani kwao kuna mtu anayewasha tivii kila Jumamosi anamtafuta kwenye kikosi.

Jioni ile mdogo alirudi na pikipiki, hakusalimia. Alikuwa ameshasimuliwa.

"Kwa nini umenisemea, bro?"

"Nakutetea, dogo."

"Umenitetea au umeniaibisha? Sasa hivi wenzangu wananiita namba tisa ya ukoo. Mwacheni aje."

"Akija utakaa nje."

"Nitakaa nje nimwangalie. Tangu nianze mpira, makocha wangu wote walikuwa mabeki. Wananiambia piga, piga. Hakuna aliyewahi kuniambia nisimame wapi. Mimi siogopi mmoja. Naogopa mkileta wanne."

Mama yao alikuwa anamenya ndizi. Ni mfanyabiashara wa soko la Mbuyuni, ndizi zake nyingine zinashuka kutoka kihamba cha kwao Uru. Mpira haujui, Yanga na Simba anazitofautisha kwa rangi tu. Lakini kelele zilikuwa zinamzidi.

"Nyie watoto, hamjawahi kupalilia migomba? Shina moja unaacha mama, mtoto na mjukuu. Ukiacha saba, zote zinazaa ndizi nyembamba kama vidole vyangu. Na ukiwakata watoto wote kwa sababu mama yao amependeza, siku upepo ukimwangusha utakwenda kununua ndizi kwa jirani. Haya, nani anachukua maji?"

Kikao cha kamati kilifanyika Jumapili baada ya ibada. Meku alikuja na daftari lake la mistari. Aliwasikiliza wote, wanaotaka jina na wasiotaka, halafu akasoma.

"Mechi tatu za kirafiki. Nimehesabu mipira yote iliyopigwa kutoka pembeni ikafika ndani ya boksi. Ni 11. Kwa mechi tatu. Sasa huyo mheshimiwa mnamleta aje asubiri nini?"

Mtu akajaribu kucheka. Meku hakucheka.

"Winga wetu wa kushoto ni yule kijana wa Kibosho. Mazoezini anakuja siku moja kati ya tatu. Mnajua kwa nini? Nauli. Hakuna aliyemuuliza."

Hapo ndipo ilipogeuka. Wakakubaliana: winga alipiwe nauli msimu mzima. Mipira minne mipya inunuliwe. Yule straika mwenye jina apigiwe simu, aambiwe ukweli: laki 6 haipo, kuna laki 2 na nusu, chumba na chakula, atacheza nusu saa za mwisho, na atakaa na vijana wa mbele mazoezini. Akitaka aje.

Alikuja. Labda hakuwa na pa kwenda, labda alipenda kuambiwa ukweli.

Alikaa miezi miwili na nusu. Alifunga mabao matatu. Lakini kitu ambacho watu wa Pasua bado wanakisimulia ni jioni moja alipomshika mdogo mabegani mbele ya wote, akamrudisha hatua nne nyuma ya beki wa pili, akamwambia: "Usikimbie wa kwanza. Wa kwanza anaonekana na kila mtu. Subiri beki aangalie mpira, ndo uondoke." Mdogo alikuwa na miaka 21 na hakuna mtu aliyewahi kumwambia hilo. Mechi iliyofuata, krosi ya yule wa Kibosho, mdogo akaondoka wa pili, akaweka kwa kichwa. Wapinzani hawakujua ametokea wapi.

Timu haikupanda. Ilimaliza nafasi ya tatu kwenye kundi lake na stori ikaishia hapo. Yule mkongwe alipata timu Tanga, akaaga vizuri, akaacha viatu vyake kwa mdogo, namba 42, vinambana kidogo.

Kule juu nako hesabu ikajijibu yenyewe. Msimu wa 2024/25 Yanga ilikuwa bingwa tena. Kati ya wale mastraika wanne, dakika nyingi zikawaendea wawili: Dube, mtu mzima aliyekuja na jina, na Mzize, mtoto wa nyumbani. Dube akafunga 13. Mzize akafunga 14. Baleke hakumaliza hata msimu Jangwani. Na mfungaji bora wa ligi akawa tena mtu wa kati, Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16.

Kwa hiyo Mzize hakuuawa na ujio wa Dube. Alikulia pembeni ya Mayele, akaja kushindana na Musonda, akaja kumzidi Dube kwa bao moja. Mkubwa mmoja anakufundisha. Wa pili anakulazimisha uamke mapema. Kuanzia wa tatu, hapo sio usajili tena, ni woga wa viongozi kuzomewa, umevalishwa jezi na kupigwa picha uwanja wa ndege.

Na gharama yake hailipwi na klabu peke yake. CHAN iliyochezwa Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda ni ya wachezaji wanaocheza ligi za ndani za nchi zao. Dube ni Mzimbabwe, jezi ya Stars haivai. Usiku ambao Tanzania iliifunga Madagascar 2-1, mabao yote mawili yalikuwa ya Mzize. Sasa jiulize: kama Julai 2024 mtu angesema kinda akae, wakubwa watatu wanatosha, usiku ule angefunga nani?

TP Mazembe wa mwaka 2011 walikuwa na hela ya kumnunua karibu straika yeyote Afrika. Walikutana na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa, wakaona kijana wa miaka 18 anaitwa Mbwana Samatta, wakamchukua huyohuyo. Miaka michache baadaye akawa Mwanasoka Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, halafu Genk, halafu Aston Villa. Matajiri wa Lubumbashi waliona dakika za mtoto wa Mbagala zina thamani kuliko jina la mtu mwingine.

Bila shaka kocha naye ana lake. Akipoteza mechi tatu anafukuzwa, na Taifa Stars haimlipi mshahara. Ndo maana swali la straika mwingine halijibiwi kwa ndiyo au hapana. Linajibiwa kwa maswali ya Meku na ya dogo: nani atampa mipira? Dakika zake zinatoka kwa nani? Na siku akiondoka, anamuacha nani anayejua pa kusimama? Klabu ikiyajibu yote matatu, iende kusajili hata kesho. Ikishindwa hata la kwanza, hiyo hela ikamtafute winga.

Mdogo bado anaendesha bodaboda ya mtu. Msimu uliopita alifunga mabao tisa, na sita kati ya hayo yalitoka mguuni kwa yule wa Kibosho.

Kaka mkubwa bado ni Yanga lialia. Dirisha lilipofunguliwa mwaka huu, mtaa ulikaa tayari na screenshot zake ukisubiri aandike kama kawaida yake. Saa tatu usiku akaweka status. Maneno manne: "Leteni winga wa kushoto."

Watu wakadhani simu ya fundi imeibiwa.